Nairobi Haikuwa Kituo cha Kupita

Katika toleo lililopita tulimtaja kwa mistari michache Gurinder Chadha, mwongozaji wa filamu wa Uingereza aliyezaliwa Nairobi, na barua zilizofuata kutoka Nyanda za Juu Kusini zimetosha kujaza safu nzima. Nimechagua nne. Majina ya waandishi wake nimeyaacha, na pale barua ilipokuwa ndefu nimeifupisha bila kugusa maana yake.

Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa sekondari. Klabu yetu ya wanafunzi iliangalia filamu ya *Bend It Like Beckham*, inayomhusu binti wa Kihindi wa London anayecheza mpira kwa siri, na baada ya hapo ukazuka ubishi ambao haujaisha mpaka leo. Wapo wanaosema aliyeitengeneza ni Mkenya, wapo wanaosema ni Mhindi, na wapo wanaosema ni Mwingereza. Tena wanauliza: yule baba mwenye kilemba ni baba yake kweli? — Mwalimu, Tukuyu

Mwalimu, kila upande umeshika kipande cha ukweli, na ubishi wenyewe una faida kuliko jibu la neno moja. Gurinder Chadha alizaliwa Nairobi tarehe 10 Januari 1960, katika familia ya Wasikh ambayo asili yake ni Punjab, eneo lililogawanywa baadaye kati ya India na Pakistan, na alikuwa na umri wa miaka miwili hivi wazazi wake walipohamia Southall, magharibi mwa London. Uraia wake ni wa Uingereza, kazi yake yote imekua Uingereza, na mwaka 2006 alipewa nishani ya OBE ya nchi hiyo. Kwa hiyo akijazwa kwenye fomu, ni Mwingereza. Fomu, hata hivyo, haielezi kwa nini filamu zake ziko jinsi zilivyo.

Wengi wanaosimulia maisha yake huitaja Nairobi mara moja, mwanzoni, halafu wakaiacha kana kwamba ndege ilitua pale kujaza mafuta tu. Mimi naona wanakosea. Familia iliyotoka India ikahamia Uingereza moja kwa moja na familia iliyokaa kwanza Afrika Mashariki hazikufika London zikiwa na matarajio yale yale. Katika Kenya ya kikoloni watu walipangwa kwa rangi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini, na mpango huo ulionekana katika shule, hospitali, mitaa ya kuishi na hata mishahara ya ofisini. Msikh aliyefanya kazi ya benki Nairobi, kama alivyofanya baba yake Chadha, alikuwa mtu wa kola nyeupe, anajua Kiingereza cha ofisini, na alizoea kuheshimiwa na angalau nusu ya watu aliokutana nao mtaani. Alipofika London akajikuta ghafla ameshuka ngazi. Uzoefu wake wa benki haukumsaidia, kwa sababu kilemba na ndevu zilitangulia kuonekana kabla vyeti havijafunguliwa, na hatimaye familia ikategemea duka.

Nimefika sasa kwenye swali lako la pili. Baba wa kwenye filamu, Bwana Bhamra, aliyeigizwa na Anupam Kher kutoka Mumbai, si nakala ya baba yake Chadha, lakini jeraha analolibeba limetoka katika maisha ya kizazi cha baba huyo. Wanafunzi wako bila shaka wanakumbuka pale anapoeleza kwa nini anamkataza binti yake, Jess, asicheze: kwamba alipokuwa kijana Nairobi alikuwa mrushaji hodari wa kriketi, lakini alipofika Uingereza klabu za Wazungu zilimcheka kwa ajili ya kilemba chake na kumfukuza, naye akaapa kutogusa tena mchezo huo. Waangalizi wengi humchukulia kama baba mkali wa mila, ilhali maneno yake yanasema jambo jingine kabisa: hamkatazi binti kwa kuwa mpira ni haramu, anamkataza kwa kuwa yeye mwenyewe alikwisha kudhalilishwa na hataki mtoto apite njia ile ile. Ukiiondoa Nairobi katika sentensi hiyo, baba anabaki kikwazo tu, kama baba yeyote wa sinema. Nairobi ndiyo inayompa heshima aliyoipoteza, na mwongozaji alijua hivyo, kwa maana mwishoni humwonyesha mzee huyo akicheza tena kriketi.

Filamu hiyo ilitoka mwaka 2002, baba yake Chadha akiwa amekwisha kufariki. Nadhani ndiyo sababu Bwana Bhamra hakufanywa mtu wa kuchekwa, ingawa filamu nzima imejaa mzaha na shangazi karibu wote wamechekwa vya kutosha.

Hata hivyo ipo lawama moja ambayo sitaificha, na ningependa klabu yako iijadili. Nairobi ya Bwana Bhamra ni uwanja wa kriketi na kikombe walichoshinda. Mwafrika hayumo. Kumbukumbu ya watu wa ngazi ya katikati mara nyingi hukumbuka waziwazi aliyekuwa juu akiwadharau, na humsahau aliyekuwa chini yao. Sisemi kwamba filamu ya kuchekesha ya dakika mia moja na ushee ingepaswa kubeba historia yote ya ukoloni wa Kenya, lakini kwa msomaji wa Tukuyu, ambaye babu yake huenda alisimama upande ule mwingine wa kaunta ya duka, pengo hilo linaonekana, na halipaswi kunyamaziwa.

Shikamoo Mhariri. Nipo kidato cha tano na ninapenda kuongoza filamu. Nyumbani wananiambia hiyo si kazi, nisome ualimu au uhasibu. Nauliza: huyu mama alisomea wapi filamu, na nani alimpa fedha za kwanza ilhali wazazi wake walikuwa wenye duka? — Binti, Iringa

Marahaba, binti yangu. Chadha hakuanza na filamu. Katika Chuo Kikuu cha East Anglia alisomea masuala ya maendeleo, kisha akapita London College of Printing, akaingia katika kazi ya uandishi wa habari wa redio ya BBC. Mwongozaji anayetoka redioni huja na sikio, na ukiangalia filamu zake utaona kuwa ugomvi wa mezani, ambapo watu wanne wanazungumza kwa wakati mmoja katika lugha mbili, huupanga vizuri kuliko anavyopanga mandhari. Kwa hiyo usidharau hatua isiyoitwa filamu.

Kuhusu fedha, hapo tusidanganyane kwa hadithi za juhudi peke yake. Juhudi alikuwa nayo, lakini pia mlango ulikuwa umefunguliwa. Mwaka 1982 Uingereza ilianzisha kituo cha televisheni cha Channel 4, ambacho sheria ilikitaka kihudumie watazamaji waliokuwa wamesahauliwa na vituo vingine, wakiwamo wahamiaji na watoto wao. Miaka michache kabla ya hapo Southall, mtaa aliokulia, ulikuwa uwanja wa mapambano: Aprili 1979 wakazi waliandamana kupinga mkutano wa chama cha wabaguzi cha National Front, na mwalimu mmoja, Blair Peach, aliuawa katika vurugu hizo. Chadha wakati huo alikuwa na miaka 19. Kizazi chake kilikuwa na la kusema, na sasa kilipata pa kusemea. Filamu yake ya makala *I'm British But...* ya mwaka 1989, iliyotengenezwa kwa msaada wa Taasisi ya Filamu ya Uingereza, iliwahoji vijana wenye asili ya Asia kuhusu kujiona Waingereza, na bhangra, muziki wa ngoma wenye asili ya Punjab, ukawa uti wa mgongo wake. Mwaka uliofuata akaanzisha kampuni yake, Umbi Films.

Filamu yake ndefu ya kwanza, *Bhaji on the Beach*, ilitoka mwaka 1993. Muswada uliandikwa na Meera Syal, na hadithi yenyewe ni nyepesi kusimulia: wanawake wa Kihindi wa rika mbalimbali wanapanda basi dogo kutoka Birmingham kwenda kutembea Blackpool, mji wa pwani, na kila mmoja amebeba jambo lake, wa kwanza akimkimbia mume anayempiga, wa pili akiwa na mimba ya kijana mweusi, na wazee wakiwahukumu wote. Ilikuwa filamu ndefu ya kwanza kuongozwa na mwanamke wa Uingereza mwenye asili ya Asia, nayo ikateuliwa kuwania tuzo ya BAFTA ya filamu bora ya Uingereza.

Sasa sikiliza sehemu ambayo wanaokushauri nyumbani wangependa uisikie, na wana haki ya kutaka uisikie. Baada ya sifa zote hizo, filamu yake ndefu ya pili ya sinema ilimchukua mpaka mwaka 2000. Iliitwa *What's Cooking?*, akaitengenezea Los Angeles, ikizihusu familia nne za asili tofauti, Wavietnam, Walatino, Wayahudi na Wamarekani weusi, zinazopika chakula cha sikukuu ya Shukrani siku moja, na ikafungua tamasha la Sundance mwaka huo. Katika kuiandika alishirikiana na mumewe, Paul Mayeda Berges, Mmarekani ambaye mama yake ana asili ya Kijapani, na wamekuwa wakiandika pamoja tangu hapo. Miaka saba kati ya filamu moja na nyingine ni mirefu kwa mtu anayelipa kodi ya nyumba. Alipoitoa *Bend It Like Beckham* ndipo hesabu ilipogeuka: filamu iliyogharimu dola milioni chache iliingiza zaidi ya dola milioni 70 duniani, na mwezi Desemba 2010 ikaonyeshwa hata katika televisheni ya Korea Kaskazini.

Kwa upande wetu, Chuo cha Sanaa Bagamoyo, yaani TaSUBa, kipo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kinafundisha sanaa za maonyesho, na Mfuko wa Utamaduni na Sanaa hutoa mikopo kwa wasanii. Mkopo, lakini, ni deni, nami nisingependa binti wa kidato cha tano aanze na deni. Anza na simu. Rekodi sauti za watu wa nyumbani wakibishana kuhusu jambo dogo, uandike walichosema neno kwa neno, halafu uone ni maneno mangapi ungeweza kuyafuta na bado ugomvi ukaeleweka. Uhasibu unaweza kuusoma pia. Waongozaji wengi wa kwetu wangekuwa mbele zaidi kama wangejua kusoma mkataba na bajeti, na hilo ninalisema baada ya kuona filamu nzuri zikifia njiani kwa sababu fedha za mafuta ya gari zilikwisha siku ya tatu.

Mhariri, mimi ni mzee wa miaka mingi. Ujana wangu nilikuwa karani katika duka la Mhindi hapa Iringa mjini. Walikuwa na watoto waliozungumza Kihehe kama sisi. Miaka ya sabini familia ile ikaondoka, nikasikia wameishia Uingereza, wengine Kanada. Nimesoma habari za huyo mama nikajiuliza, mbona hakuna filamu ya hawa wa kwetu? — Mzee, Iringa

Shikamoo mzee wangu. Duka ulilolitaja nimeliacha kwa kuwa wenye jina hilo bado wapo, lakini barua yako nimeisoma zaidi ya nyingine zote.

Kwa wasomaji vijana nieleze kwanza kilichotokea. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitaifisha mabenki na biashara kubwa, na hilo liligusa matajiri wa kila rangi. Pigo lililowafikia wenye maduka wa miji kama Iringa na Mbeya lilikuja mwaka 1971, serikali ilipopitisha sheria ya kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000. Yale majengo ya ghorofa moja, yenye duka chini, familia juu na mwaka wa ujenzi umechongwa kwenye paji la ukuta, mengi yaliwekwa chini ya Msajili wa Majumba. Hakuna aliyefukuzwa nchini kwa amri, tofauti na Uganda, ambako mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Wahindi siku tisini. Lakini familia nyingi zilihesabu, zikaona watoto wao hawana mbele, zikafunga mizigo. Sheria ile ilikuwa na sababu zake, kwani nchi ilikuwa imerithi miji ambayo Mwafrika aliingia asubuhi kufanya kazi na kutoka jioni, na wapangaji Waafrika waliopata vyumba vile hawakuona dhuluma yoyote. Mambo yote mawili ni kweli, na kwa mtunzi wa filamu huo ndio utajiri.

Filamu za karibu na jambo hili zipo, ingawa si nyingi. Mira Nair, mwongozaji aliyezaliwa India na ambaye maisha yake yamefungamana na Kampala, alitengeneza *Mississippi Masala* mwaka 1991, kuhusu familia ya Kihindi iliyofukuzwa Uganda ikaishia kusini mwa Marekani, ambako binti yao anampenda Mmarekani mweusi, aliyeigizwa na Denzel Washington. Pale, mzee wangu, lile pengo nililomlaumu nalo Chadha limezibwa: baba wa Kihindi anaililia Uganda, na papo hapo filamu inamuuliza kwa nini basi hawezi kumkubali mtu mweusi mlangoni mwake. Nair alianzisha pia Maisha Film Lab mjini Kampala mwaka 2004, inayowafundisha vijana wa Afrika Mashariki kuandika na kuongoza.

Kwetu Tanzania, Amil Shivji, aliyetoka katika jamii hiyo hiyo ya Watanzania wenye asili ya Asia, aliigeuza riwaya ya Adam Shafi, *Vuta N'Kuvute*, kuwa filamu mwaka 2021. Mhusika wake Yasmin ni msichana wa Kihindi wa Zanzibar anayekimbia ndoa ya kulazimishwa katika miaka ya mwisho ya ukoloni, na ilikuwa filamu ya kwanza ya Tanzania kuonyeshwa katika tamasha la Toronto. Lakini hiyo ni Zanzibar, si Iringa.

Chadha mwenyewe ameirudia Afrika Mashariki hivi karibuni, katika filamu yenye nyimbo ya mwaka 2025 iitwayo *Christmas Karma*. Humo bahili mkuu, Bwana Sood, ni Mhindi aliyefukuzwa Uganda akiwa mtoto, na ukali wake wote wa fedha chanzo chake ni kule kupokonywa kila kitu. Ameuchukua ule moyo wa Bwana Bhamra, aliyefunga mlango baada ya kudhalilishwa, akautazama tena kwa ubaya wake. Ndiyo maana nasema Nairobi na Kampala si mapambo katika kazi zake.

Kati ya filamu hizo mbili, ya Bwana Bhamra na ya Bwana Sood, kuna *Viceroy's House* ya mwaka 2017, inayohusu kugawanywa kwa India ya kikoloni kuwa India na Pakistan mwaka 1947. Wengi waliichukua kama filamu ya majumba na mavazi, na mwandishi wa Pakistan Fatima Bhutto aliishambulia vikali katika gazeti la The Guardian kwa kuwapendelea Waingereza, naye Chadha akamjibu. Nakubaliana kwa sehemu na lawama hiyo, kwa maana Lord Mountbatten, mtawala wa mwisho wa Uingereza nchini India, kwenye filamu ni mtu mwema kupita kiasi. Lakini mwisho wa filamu unaeleza kwamba bibi yake mwongozaji alikuwa mmoja wa waliokimbia, na kwamba njiani alifiwa na mtoto mchanga kwa njaa. Familia hii ilipoteza Punjab kwanza, ikaiacha Nairobi baadaye. Mtu wa namna hiyo akisisitiza kuchekesha, mimi humvumilia.

Filamu ya Wahindi wa Iringa, mzee, itahitaji mtu aliyesimama ndani ya duka akiwa si mwenye duka. Uliandika kwamba uliwahi kumfundisha mtoto wa tajiri wako kuendesha baiskeli na kwamba mama yake hakukuruhusu kuingia jikoni. Mambo hayo mawili kwa siku moja! Tafadhali uyasimulie kwa mjukuu mwenye simu, na umwambie asikate sehemu ya jikoni.

Mheshimiwa, nina kibanda umiza Mwanjelwa. Wateja wangu wa sinema za Kihindi ni akina mama na mabinti, wa mpira ni vijana wa kiume, na hawakai pamoja. Huyu Chadha ana filamu gani nyingine ya kuwaunganisha? Mbona kila mara ni harusi na chakula? Na lile kovu la mguuni kwa mchezaji ni la kweli? — Mwenye kibanda, Mbeya

Kovu ni la kweli. Parminder Nagra, aliyeigiza Jess katika *Bend It Like Beckham*, aliungua mguu utotoni, akaja kwenye usaili akidhani litamkosesha nafasi, na Chadha akaliingiza katika hadithi.

Harusi na chakula vimo kwa sababu humo ndimo familia za wahamiaji zinapokutana na kuhukumiana. Yeye mwenyewe alipokuwa binti alikataa kuvaa mavazi ya Kihindi na alikataa kubaki jikoni na wanawake wakati wanaume wakila, kwa hiyo akimwonyesha mama anayemlazimisha binti ajifunze kupika, anajua mkanda huo kutoka pande zote mbili.

Kwa kuwakalisha wateja wako pamoja, jaribu *Bride and Prejudice* ya mwaka 2004, yenye Aishwarya Rai, ambayo imechukua riwaya ya Jane Austen ikaipeleka Amritsar, nchini India, na kuijaza nyimbo na ngoma. Akina mama watafurahi, na vijana watamwona Aishwarya, basi wasiwe na lalamiko. *Blinded by the Light* ya mwaka 2019, iliyotokana na kumbukumbu za mwandishi Sarfraz Manzoor, inamhusu kijana wa Kipakistani mjini Luton mwaka 1987 ambaye baba yake amepoteza kazi kiwandani, naye anajipa moyo kwa nyimbo za Bruce Springsteen. Ni nzuri, ila nusu ya uzuri wake umo katika maneno ya nyimbo, kwa hiyo mtafsiri wako wa kipaza sauti aiangalie mapema nyumbani. *Viceroy's House* usiiweke siku ya mechi ya Simba na Yanga. Vibali vya kuonyesha uvikamilishe na Bodi ya Filamu pamoja na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla hujabandika tangazo mlangoni, maana barua yako haikuvitaja.